Gilasi nane za bitiruti: mwongozo kamili wa kuuona utando wa seli ukishindwa na joto

Chukua choya kavu, ile ya kutengenezea sharubati, utie kijiko kimoja kwenye gilasi ya maji baridi. Hujamaliza kuhesabu mpaka ishirini, maji yameshaanza kuwa mekundu. Sasa chuma choya mbichi, ikate vipande viwili, isuuze vizuri mpaka rangi ya jeraha iishe, kisha itie kwenye gilasi nyengine ya maji hayohayo. Rudi baada ya nusu saa: maji karibu ni meupe kama ulivyoyaacha. Rangi ni moja, mmea ni mmoja. Ila choya kavu seli zake zilishakufa juani, na kile kilichokuwa kikiizuia rangi isitoke hakipo tena.

Kilichokuwa kikiizuia ni utando wa seli. Unene wake ni nanomita 7 hadi 8 tu; ukitaka kufikia unene wa karatasi moja ya daftari itakubidi ubebanishe tando kama hizo zaidi ya elfu kumi. Pamoja na wembamba huo, ndio unaoamua nini kiingie na nini kitoke, na ukipasuka seli imekwisha.

Nasomesha baiolojia skuli ya sekondari hapa Pemba. Kila mwaka napata wanafunzi wanaouchora utando huu bila ya kukosea hata mkia mmoja, lakini ukiwauliza kwa nini ndizi ikitiwa kwenye friji hugeuka nyeusi, wananyamaza. Jambo hili linaniuma, kwa sababu jibu la ndizi limo ndani ya mchoro walioupatia alama zote. Mwongozo huu ni wao, na ni wa walimu wenzangu ambao maabara zao hazina kifaa chochote cha bei kubwa.

Kwanza ujue unachokitafuta

Utando umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia maji, kwa hiyo hujipanga zenyewe: mikia ndani, vichwa nje. Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, waliligundua hili mwaka 1925. Walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na wakaona yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wa Marekani wakatupa picha tunayoisomesha mpaka leo, ya protini zinazoelea ndani ya mafuta hayo kama ngalawa juu ya bahari isiyotulia.

Shika neno mafuta, maana ndilo ufunguo wa yote yajayo. Mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi za kipupwe, kwa sababu hushikamana kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi hiyo. Mikia ya mafuta ya nazi imenyooka na inalala pamoja kama kuni zilizofungwa tita. Ya alizeti ina vipindo, haibanani. Utando wa seli nao una mchanganyiko wa mikia ya namna zote mbili. Ukipata joto hulegea na kuyumba, ukipata baridi hukakamaa, na seli yenye afya hutumia uhai wake wote kuuweka katikati.

Bitiruti tunaitumia kwa sababu rangi yake, betasianini, imefungiwa ndani ya vakuoli, kifuko cha maji kilicho katikati ya seli. Ili itoke ni lazima ivuke tando mbili, wa vakuoli na wa seli yenyewe. Ukuta wa seli ulioko nje hauizuii; kwa molekuli ndogo kama hii ukuta ni wavu wa macho makubwa. Basi ukiona maji yamekuwa mekundu, tando zote mbili zimeshindwa.

Vya kutafuta

Bitiruti mbili ngumu. Hufika kwetu kutoka bara, na nyengine hukaa sana juani kabla ya kununuliwa, kwa hiyo ibonyeze: ikiwa laini, iache. Usipozipata, tumia majani ya mchicha mwekundu au maua ya bogenvilia. Rangi zao ni za ukoo mmoja na ya bitiruti, ila matokeo hayawi makali kama ya bitiruti.

Utahitaji pia kipimajoto kinachofika nyuzi 100 (cha homa hakifai, huishia 42), hotipoti yenye kifuniko, gilasi nane za aina moja zisizo na rangi, chupa nane ndogo za kioo za dawa au tubu za maabara, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, saa, na karatasi nyeupe. Maji yawe ya mvua au ya chupa. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi utaipa zamu yake baadaye. Usiiruhusu iingie mapema.

Kukata na kuosha

Hapa ndipo kazi inapoharibika, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili na darasa, tulikata vipande, tukavitumbukiza katika maji ya joto mbalimbali, na baada ya nusu saa gilasi zote zilikuwa nyekundu. Zote, hata ile iliyokaa mezani bila ya kuguswa na moto. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, basi joto halifanyi kitu." Kwa alichokiona alikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu: sikuwaoshesha vipande.

Kisu kinapopita kwenye bitiruti hupasua maelfu ya seli, na rangi ya seli hizo hubaki juu ya kipande ikisubiri maji. Ukiitumbukiza hivyo unapima ukali wa kisu. Kwa hiyo fanya hivi. Menya bitiruti. Toboa kwa kipande cha bomba jembamba la chuma. Mimi natumia kipande cha antena ya redio iliyovunjika, nilichokinoa mdomo kwa jiwe, na nasukuma nje kwa msumari. Utapata vijiti vya mviringo vya unene mmoja. Vikate kwa wembe kwa kutumia rula, visahani vya milimita 2. Vyote vitoke bitiruti moja, tena usichanganye vya katikati na vya ukingoni, kwani wekundu wake haulingani.

Kisha vitie kwenye bakuli la maji na uvikoroge taratibu kwa kidole. Maji yatakuwa kama sharubati. Yamwage, tia mengine. Rudia mpaka maji yakae dakika tano bila ya kubadilika. Kwa kawaida inanichukua mara sita au saba, na wanafunzi huchoka kwenye ya tatu. Wasiachiwe. Inua kipande kimoja uelekeze dirishani: katikati kimejaa rangi, ukingoni kuna mstari mwembamba uliopauka. Mstari huo ni seli zilizouawa na wembe. Zilizobaki ndani ni nzima, na ndizo utakazozipima.

Kuzipasha moto

Tia visahani vitano na mililita 5 za maji katika kila chupa? Hapana, bado. Anza na maji peke yake ndani ya chupa. Changanya maji ya moto na ya baridi kwenye hotipoti mpaka kipimajoto kionyeshe nyuzi unazozitaka, simamisha chupa ndani yake dakika tatu ili maji ya ndani yafikie joto la nje, ndipo utumbukize visahani vitano. Funika. Hesabu dakika tano kamili.

Vitabu vingi huelekeza kutumbukiza vipande moja kwa moja kwenye maji ya moto na kuvihamishia gilasini. Siupendi utaratibu huo, kwa sababu kwenye nyuzi 70 rangi nyingi humwagika ndani ya maji ya moto yenyewe, na gilasi ya mwisho inaonekana imepauka kuliko inavyostahiki. Kwa njia ya chupa hakuna tone linalopotea: dakika tano zikiisha, mimina kila kitu, maji na visahani, ndani ya gilasi, ongeza mililita 15 za maji ya kawaida, uache nusu saa.

Gilasi ya kwanza ni ya joto la chumba, isiyopashwa. Hii ndiyo kipimo chako. Ikiwa nyekundu, rudi ukaoshe. Nyengine ziwe za nyuzi 40, 45, 50, 55, 60, 65 na 70. Nusu saa ya kila gilasi ikifika, toa visahani vyake na ukoroge mara moja.

Kusoma rangi bila ya mashine

Jana yake, tia visahani kumi vilivyooshwa kwenye friza. Siku ya kazi viache viyeyuke, vitie kwenye mililita 40 za maji kwa nusu saa, uvitoe. Barafu imeshazipasua seli, kwa hiyo maji haya yaite 100. Chukua mililita 10 zake, changanya na 10 za maji safi: hiyo ni 50. Chukua 10 za hiyo, changanya na 10 za maji: 25. Endelea mpaka 3 hivi. Sasa una ngazi ya rangi.

Panga ngazi juu ya karatasi nyeupe, mililita 10 katika kila gilasi. Gilasi unazozisoma nazo ziwe na mililita 10, maana unaangalia kutoka juu, na kimo cha maji kikizidi wekundu nao huzidi. Andika namba ya ngazi inayokaribiana zaidi. Mwenye simu anaweza kupiga picha zote pamoja kwa mwanga mmoja na kusoma kwa programu ya rangi kiasi cha kijani katika kila gilasi. Betasianini hunyonya mwanga wa kijani, hasa wa nanomita 535 hivi, kwa hiyo rangi ikizidi ndani ya maji, namba ya kijani inashuka.

Utakachokiona ni hiki: mpaka nyuzi 45 maji hayatofautiani sana na yale ya chumbani. Baina ya 50 na 60 mambo hugeuka ghafla. Kutoka 65 kwenda juu, mekundu tiii. Mstari ukiuchora kwenye karatasi ya miraba haupandi kama ngazi ya nyumba. Unakwenda bila ya kupanda, kisha unaruka.

Mruko huo ndio somo. Mikia ya mafuta hulegea kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, na hilo peke yake lingetupa mstari unaopanda polepole. Protini haziendi hivyo. Protini hushika umbo lake mpaka kiwango fulani, kisha hujikunjua, na mara nyingi ikishajikunjua hairudi. Ute wa yai unaujua: kwenye maji ya uvuguvugu unabaki kama ulivyo, karibu na nyuzi 60 unaanza kuwa mweupe, na hakuna baridi itakayourudisha. Protini za utando zikifika hapo huacha matundu zilipokuwa zimekaa, na rangi hupita.

Ukipandisha zaidi, au ukichemsha kwa muda, maji huanza kuelekea kahawia. Usidhani rangi imerudi ndani. Ni betasianini yenyewe inavunjika, na ndiyo sababu ngazi ya rangi tuliitengeneza kwa barafu badala ya moto.

Muda nao unaua

Rudia kwa nyuzi 50 tu, lakini chupa moja ikae dakika 1, nyengine 5, nyengine 15, nyengine 30. Ya dakika moja inakaribiana na ile isiyopashwa, ya dakika thelathini imezidi wekundu kwa mbali. Kwa hiyo mtu akikuuliza "seli hufa kwa nyuzi ngapi?", mwulize kwanza, "kwa muda gani?" Wenye viwanda vya maziwa wanalijua hili: maziwa husafishwa vijidudu kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15.

Seli nayo haikai ikisubiri kufa. Mwaka 1962 Mtaliana Ferruccio Ritossa, akichunguza nzi wa matunda waliopata joto kupita kawaida, aliona sehemu fulani za kromosomu zikivimba na kuanza kazi. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu hizo hutengeneza protini za kuzilinda protini nyengine zisijikunjue. Mimea inazo, samaki wanazo, sisi tunazo. Ndiyo maana kiumbe kilichozoeshwa joto kidogo kidogo mara nyingi hustahimili zaidi kuliko kilichopigwa nalo kwa ghafla.

Baridi, spiriti, sabuni, chumvi

Friza umeshaiona. Maji yaliyomo kwenye kipande yakiganda taratibu hufanya vipande vikubwa vya barafu vyenye ncha, na friza ya nyumbani hugandisha taratibu. Ndizi ni jambo jengine, kwani ndani ya friji hakuna barafu. Mgomba ni mmea wa joto. Tando za ndizi zikiwa chini ya nyuzi 13 hivi hukakamaa na kuanza kuvuja, vimeng'enya hukutana na vitu vilivyokuwa vimetengwa navyo, na ganda hugeuka jeusi. Karafuu mbichi ikianikwa jamvini na kugeuka kahawia, mkutano wa namna hiyohiyo umo ndani yake.

Spiriti: tafuta isiyo na rangi, maana ile ya buluu itakuchafulia matokeo. Fanya moja ya maji matupu, moja ya robo spiriti, moja ya nusu, moja ya robo tatu. Jiko liwe limezimwa na liko mbali. Spiriti hushika moto haraka. Pombe huyeyusha mafuta ya utando, na utaona wekundu ukizidi bila ya joto lolote.

Sabuni ya maji, matone machache, hufanya kazi kama inavyofanya kwenye sufuria ya pilau: hushika mafuta na kuyaondoa. Ikiwa sabuni yako ni kali, rangi itaelekea manjano. Huo ni ukali wa sabuni juu ya rangi.

Chumvi ndiyo iliyowashangaza zaidi wanafunzi wangu. Yeyusha vijiko viwili vya kulia katika gilasi ya maji, tia visahani vilivyooshwa. Nusu saa baadaye maji yana rangi kidogo mno, lakini shika kisahani: kimelegea kama kitunguu cha kachumbari kilichosuguliwa chumvi. Maji yametoka, rangi imebaki. Utando bado mzima, unapitisha maji na kuzuia rangi, hata seli ikinyauka. Vihamishie visahani hivyohivyo ghafla kwenye maji matupu. Maji yatarudi ndani kwa kasi, na baadhi ya tando zilizokunjamana zitapasuka zinapovutwa. Linganisha gilasi mbili hizo. Kuna madhara yanayokuja wakati wa kurudi.

Imekufa au imejeruhiwa?

Kama skuli yako ina hadubini hata moja, usiikose hatua hii. Bandua ngozi nyembamba ya kitunguu maji chekundu, upande wenye zambarau. Weka kipande kwenye kioo na tone la maji ya chumvi. Baada ya dakika chache utaona ile zambarau ikijivuta kutoka ukutani mwa seli, ikikusanyika katikati kama nguo inayoloa na kubana. Sasa chukua kipande chengine, kitie kwanza kwenye maji ya nyuzi 70 dakika tano, kisha chumvi. Hakijivuti. Rangi imepauka na kuenea, hakuna kinachobana, kwa sababu hakuna utando wa kuyazuia maji yasipite ovyo. Seli inayojivuta iko hai. Nimewaona watoto wakigombania hadubini kwa ajili ya kipande cha kitunguu.

Mpaka baharini

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya mwani iitwayo kottonii, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya aina ya spinosumu, ndiyo inayokufa zaidi maji yanapokuwa moto. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili pamoja na wakulima wenyewe.

Shangazi yangu analima mwani. Siku moja ya kaskazi alikuja na mkono mzima wa mwani uliopauka, akauweka mezani kwangu. "Mwanangu, umeungua, lakini moto siuoni."

Jaribio ni hilihili. Chukua mwani mbichi wa rangi ya hudhurungi au nyekundu, vipande vya sentimita 3, uvioshe kwa maji ya bahari. Tumia maji ya bahari kila mahali isipokuwa gilasi moja, ambayo utaitia maji ya mvua. Joto liwe 28, 32, 36 na 40, na muda uwe saa mbili badala ya dakika tano, kwa sababu bahari haiui kwa dakika. Badilisha maji ya hotipoti kila yanapopoa. Kisha viweke vipande vyote kwenye maji ya bahari ya kawaida mpaka kesho yake. Rangi nyekundu ya mwani, fikoeritrini, nayo huyeyuka kwenye maji, na kipande kilichokufa huitoa. Angalia waridi ndani ya maji, angalia ncha zilizopauka, uvunje kipande kwa vidole usikilize kama bado kinalia.

Kisha kitoe kipimajoto nje. Siku za bamvua, maji yakiwa yametoka na jua linapanda, pima joto la maji yaliyobaki kwenye shamba la mwani, pale kimo kinapofika kifundo cha mguu, halafu pima kwenye mkondo. Andika saa, andika namba zote mbili, na andika maji yalikaa hivyo kwa muda gani kabla ya kujaa. Shangazi sasa anacho chake, amekifunga kwa uzi kwenye kigingi cha kwanza cha shamba, na kamba zake za kottonii amezihamishia upande wa mkondo.